Puti ya Mafuta ya Pamba

Nekesa alikuwa anakula malewa, yale machipukizi ya mianzi, jikoni kwangu, hapa Nkoma mjini Mbale, huku akinifundisha habari za gundi, ndipo simu ikaita kutoka Jinja. Nekesa ni mpangaji wangu, binti anayesomea uhandisi, na tangu aingie katika chumba cha nyuma ameijaza nyumba nyuzi za kioo. Ni nyuzi kweli, kioo kilichovutwa hadi kikawa chembamba kuliko unywele. Unaubandika uzi kwenye nguzo ya daraja au ukuta wa jengo, unapitisha mwanga ndani yake, na ukuta ukivutika hata kidogo uzi nao unavutika, mwanga unabadilika, mashine inasoma badiliko hilo na watu wanajua mapema kwamba jengo linaumwa. Kazi ya Nekesa ni kuuboresha uzi huo useme ukweli zaidi. "Uzi wenyewe hauna shida, Mama," aliniambia akilamba mchuzi wa karanga kidoleni. "Shida ni gundi. Gundi ikiwa laini inakunywa mwendo wa ukuta. Ukuta unasogea, uzi umetulia tu, na mashine inakwambia kila kitu kiko sawa." Nikamwambia ale, malewa yanapoa. Simu ilipoita nilifurahi kupata pa kukimbilia, na aliyepiga alikuwa Mariamu, binti wa Fundi Isa. Alisema, "Mama Zaina, Baba ametutoka alfajiri."

Fundi Isa ndiye aliyenifundisha kukata vioo, na mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule mmoja niliokaa chini ya mkono wake, mwaka wa baada ya vita. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala wapi. Wazazi wangu hawamo katika kosa hili na sioni sababu ya kuwaita. Ninachokumbuka ni karakana yake kule Mpumudde, Jinja, chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi la jeshi, vumbi la chaki juu ya kila kitu, na harufu ya mafuta ya pamba. Vita vilikuwa vimepita mjini na kuacha madirisha matupu. Hukuweza kukuta nyumba yenye vioo vyote. Sukari ilikuwa hadithi, sabuni tuliikata vipande kama dawa, lakini kazi ya vioo ilikuwepo tele, na wanaume wa kuifanya walikuwa wamekufa au wamekimbia. Ndiyo maana Fundi alimpokea msichana. Hakunificha hilo. Siku ya kwanza alinitazama mikono, akasema, "Mwana wange, ningepata mvulana hata kiwete ningemchukua yeye." Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Alikuwa mwalimu mkali kupita kiasi. Kipande nilichokata vibaya alikivunja mbele yangu, kisha akaniamuru niokote vigae kwa mikono mitupu, "ili vidole vyako vikumbuke." Mpaka leo vinakumbuka. Kisa kikubwa kati yetu kilikuwa puti, ule udongo laini wa kushikia kioo kwenye fremu. Puti halali huchanganywa kwa unga wa chaki na mafuta ya kitani, na baada ya siku chache inakauka ikawa ngumu kama jiwe. Mafuta ya kitani hayakuwepo nchini. Siku moja nikachanganya kwa mafuta ya pamba, nikaona nimekuwa mjanja. Fundi aliingiza kidole gumba katika puti yangu baada ya juma zima, kikazama. Akaniwekea lile donge mdomoni, akanishika taya mpaka nikaonja. "Hii haikauki," alisema. "Kwa macho ni puti, kwa kazi ni uongo. Ukiiweka dirishani kwa mtu, umemuuzia upepo." Nililia hadi jioni. Kesho yake alinipa kipande cha muhogo kikubwa kuliko chake.

Ilikuwa msimu wa mahindi mabichi tulipoitwa Mbale. Injinia mmoja wa kazi za serikali alikuwa na ghala la pamba, mali ya mfanyabiashara aliyefukuzwa zamani, ambalo wakati wa vita lori la kijeshi liliparamia ukuta wake mrefu na kuuachia nyufa. Askari walikuwa wamehamia ndani. Injinia alitaka kujua kama ukuta unaendelea kusogea, na njia ilikuwa moja, ya watu wa zamani: unachukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kiganja, unakipitisha juu ya ufa na kukigandamiza kwa saruji ncha zote mbili. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea hata upana wa ukucha, kinakatika. Kikikatika, watu watoke. Wengine wakiona ufa hukimbilia ile methali ya kuziba ufa usije ukajenga ukuta. Fundi aliichukia. "Ufa hauzibwi kabla hujausikiliza," alikuwa akisema. Na kama Nekesa wa leo, naye hakuridhika na kifaa alichopewa. Alikata vipande vyembamba kuliko alivyoagizwa, akachora mstari katikati ya kila kimoja kwa kalamu ya almasi, ili kivunjike mapema, kwa mwendo mdogo kabisa. Aliona fahari. Sijawahi kumwona mtu anajivunia kitu kitakachovunjika.

Tulipanga chumba Busiu, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, kwa kuwa mjini nyumba zilikuwa za askari. Injinia alituonyesha nyufa, akatukabidhi kwa mkuu wa kikosi, Afande Otim, akaondoka na sikumwona tena. Afande alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya chini na buti zilizong'aa katika nchi isiyo na dawa ya viatu. Tulibandika vipande vitano. Fundi alimweleza kila kitu taratibu, nami nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya saruji, kwa hiyo sisimulii la kuambiwa. Afande aliitikia kwa kichwa. Alichokielewa ni hiki: serikali imeleta vioo vitano, vioo ni mali ya serikali, na yeye ni mlinzi wake.

Juma la pili tulikuta kipande cha kwanza kimekatika pale pale kwenye mstari wa almasi. Fundi akatabasamu kwa kuona kazi yake imesema. Afande akamwita askari aliyekuwa akilala karibu na ule ufa. "Nani amevunja hii kioo?"

"Hakuna mtu, afande."

"Kwa hivyo alivunjika yenyewe? Iko na mikono?" Akamlaza chini, akamchapa viboko vingi mbele ya wenzake, na wenzake walikuwa wanacheka, kwa sababu asiyecheka angelala yeye. Nami nilicheka. Ni aibu ndogo ukilinganisha na zinazofuata, lakini naiandika. Fundi akapiga magoti kwenye vumbi, akasema, "Bwana Afande, kioo kile kiliwekwa ili kivunjike."

"Mzee, wewe iko na akili? Serikali inatoa kioo ya kuvunjika?"

Kipande cha pili kilipokatika alichapwa askari mwingine. Kuanzia hapo askari wakawa hawalali karibu na nyufa, wakabanana katikati ya ghala kama mbuzi wa mnada. Kwa njia hiyo ya ajabu vioo vilikuwa vinafanya kazi. Kisha kikakatika cha tatu, na hiki kilikuwa ndani ya stoo, chumba kidogo mwishoni mwa ukuta, kilichofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Afande mwenyewe. Alikitazama muda mrefu. Nilidhani sasa ameelewa. Akamgeukia Fundi, akasema bila hasira yoyote, "Kama si mtu, ni kioo. Kama ni kioo, ni wewe. Umetuletea kioo ya kuoza." Wakamfungia Fundi humo humo stoo, pamoja na ufa wake. Masharti yalikuwa mepesi: mimi niweke kipande kingine, kikikaa kizima mwezi mmoja Fundi anakwenda nyumbani, kikivunjika hesabu inaanza upya na miguu yake italipa.

Niliweka kipande kingine kwa saruji safi, kama nilivyofundishwa. Siku ya tatu kikakatika. Wakampiga Fundi nyayo, na mimi nikasimamishwa mlangoni nisikilize. Tangu hapo hakuweza kuvaa viatu. Nilimpelekea uji asubuhi kwa malori ya mahindi kutoka Busiu, nikamkuta ameketi mgongo ukutani, miguu ndani ya karai la maji ya moto. Maji yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Akello, mke wa askari mmoja, aliyekuwa na jiko lake nje, upande wa pili wa ukuta ule ule, chini ya bati lililojitokeza na kuzuia mvua. Yeye na wenzake wawili walipikia pale kila siku. Hakuna aliyemwambia ampe mzee maji. Alikuwa anayapitisha kwa mlinzi akitukana, ili aonekane anafanya kwa hasira: "Peleka hii kwa ule mzee wa vioo, ananuka!"

Watu wa umri wangu wakisimulia miaka ile husema, tulilazimishwa. Mimi hakuna aliyenilazimisha kuchanganya puti. Niliichanganya usiku mmoja kule Busiu, na asubuhi nikaweka kipande kipya: ncha moja kwenye saruji ya kweli, ncha ya pili kwenye donge la chaki na mafuta ya pamba, ambalo juu yake nilipaka unga wa saruji mkavu, ukashika rangi ile ile. Hata jicho la fundi lisingetofautisha. Ukuta ukisogea, kioo kitateleza ndani ya puti na kukaa kizima. Afande alipokuja kukagua alisimama karibu yangu, harufu ya sabuni ikanipanda puani, sabuni nzima, akagonga kioo kwa ukucha, akasema, "Safi. Hii sasa ni kioo."

Kesho yake nilipomletea Fundi uji alikuwa ameketi chini ya kile kipande. Aliinua mkono, akaweka kidole gumba juu ya ncha ile ya pili, akabonyeza. Kikazama. Akanitazama jinsi alivyonitazama siku ya donge mdomoni.

"Pamba," alisema.

"Ndiyo, Fundi."

"Toa."

"Nikitoa hutoki."

"Zaina, ukuta huu unatembea. Nausikia mgongoni. Kuna wanawake nje."

"Ukitoka utawaambia wewe mwenyewe," nikamwambia. Akanywa uji. Nimeyapitia mazungumzo hayo mara nyingi kuliko nilivyosoma Fatiha, na kila mara nafika pale pale. Kioo kilikuwa juu ya kichwa chake. Alilala nacho, aliamka nacho, siku zote zilizobaki, na mkono wake ulikuwa karibu kuliko wangu. Kugonga mara moja tu kungetosha. Aliniambia mimi nitoe, yeye hakutoa. Nilimchukia kwa hilo kabla sijajichukia mimi, na chuki ya kwanza ndiyo iliyonisaidia kula na kulala.

Zilikuwa zimebaki siku nne Akello aliponiita jikoni kwake. Mvua ilikuwa imenikuta njiani, nguo zimenigandama. Akanisogeza kwenye moto, akanipa ugali wa posho na mboga iliyopikwa kwa simsim, ule ufuta, akasema, "Kula, dada. Baba yako anatoka, mimi nasikia Afande anasema. Kioo iko nzima." Sikumsahihisha kwamba si baba yangu. Nilikuwa nimeegemea ukuta. Ulikuwa wa moto upande ule kwa ajili ya meko, na juu kidogo ya bega langu niliona ufa kwa nje, sasa unaingia kidole. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilihesabu: nikimwambia Akello atamwambia mumewe, mumewe atamwambia Afande, Afande atagusa puti, na Fundi hatakuwa na nyayo tena, pengine hata pumzi. Siku nne tu. Basi nikala. Simsim ilikuwa nzuri, niliomba nyongeza, akaniongeza. Wakati naondoka alicheka, akaniambia ninakula kama askari.

Siku ya kutoka ilikuwa Ijumaa. Afande alifungua kufuli mwenyewe, akatazama kioo, akapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe. "Ukuta imepona," alisema. Na kwa kuwa umepona, akaamuru magunia ya mahindi yaliyokuwa yamelundikwa uani yaingizwe stoo yaegemezwe pale, yasinyeshewe. Askari walianza kuyabeba tulipokuwa bado tunatoka. Fundi alikuwa anatembea kwa visigino, mkono wake begani kwangu. Tulipofika kwenye geti akasimama. Wanawake walikuwa wanapika chakula cha mchana. Akello alikuwa ameinama akipuliza moto, akatuona, akapunga mwiko. Fundi alifungua mdomo. Nikamvuta mkono wa kanzu. "Twende, Fundi. Askari wanatutazama." Na kweli walikuwa wanatutazama. Akafunga mdomo, akaja. Sikumburuta. Alikuja kwa miguu yake, miguu ile ile.

Tulikuwa tumefika sokoni tuliposikia. Haukuwa mlio mkubwa, ilikuwa kama lori limemwaga kokoto. Halafu vumbi likainuka juu ya mabati na kelele za wanawake zikafuata. Fundi aliniachilia bega, akarudi, kwa visigino, karibu mbio, mtu aliyekuwa hawezi kusimama. Mimi sikurudi. Nilibaki sokoni na mafurushi yetu, nikamwambia mwenye kuuza ndizi anitunzie nafasi kivulini. Alirudi baada ya alasiri amejaa vumbi jeupe, kucha zimetoka damu. Sikuuliza, aliniambia majina yote matatu bila kuulizwa, la Akello likiwa la mwisho. Hakuna aliyetushtaki. Afande alitangaza kwamba maadui wametega bomu, askari wakakamata watu sokoni siku iliyofuata, na baadhi yao sijui walikoishia. Kuhusu kioo hakuna aliyeuliza, kwa sababu asubuhi ile Afande mwenyewe alikiona kizima, mbele ya mashahidi.

Tulirudi Jinja. Fundi alinipa kazi kama kawaida lakini akageuza meza, akawa anakata akiwa amenipa mgongo. Hakunivunjia kipande tena hata kikiwa kibovu kiasi gani, wala hakunigusa vidole. Ndivyo alivyonifukuza. Mwaka ulipokwisha nilihamia Mbale, na watu huniuliza kwa nini Mbale hasa, nami huwaambia hali ya hewa. Nimefunga vioo mji huu kwa zaidi ya miaka arobaini. Mafuta ya kitani yamerudi, na leo kuna puti za madukani za kila aina. Pale palipokuwa na ghala pana jengo la maduka, na vioo vyake vya mbele nilivifunga mimi. Kila nikipita hapo napunguza mwendo, kisha napita.

Nilifika Mpumudde siku moja baada ya simu ya Mariamu. Walikuwa wamekwisha kumzika. Karakana sasa ni chumba cha wageni, meza imo humo humo, inalaliwa na magodoro. Wanawake walikuwa wamekaa ukumbini kwenye mikeka wanamenya matoke, na mazungumzo yao yalinipita: bei ya boda boda, nani hakuja, jinsi marehemu alivyokuwa mpole. Mpole! Nilimenya ndizi zangu. Mariamu alikuja akaketi karibu yangu, akatoa kitu kilichofungwa katika kipande cha blanketi la jeshi, akasema baba yake aliagiza nipewe mkononi. Nilijua kabla sijafungua. Kioo, urefu wa kiganja, chembamba, na mstari wa almasi katikati, hakina hata ufa. Ncha moja ina saruji. Ncha ya pili ina donge la puti, ambalo mwishowe limekauka kwa miaka yote hiyo, limekuwa gumu kama jiwe, na ndani yake kuna alama ya kidole gumba, imetulia na mistari yake yote. Alikwenda kuchimba watu kwa kucha, na katikati ya kifusi akakiona, akakiweka kifuani.

"Alisema, mpe Zaina, mwambie hakikuvunjika," Mariamu aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliniinamia kwa hamu, na wanawake wengine wakaacha kumenya wasikilize. "Tangu nikiwa mdogo nakiona sandukuni kwake. Hataki kiguswe. Nikadhani ni kazi yako ya kwanza, anajivunia mwanafunzi wake. Alikuwa anakusifu, sivyo?"

Nikakifunga tena katika blanketi.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alikuwa ananisifu."